Miaka Saba ya "Sawa Maalim": Muhali wa Kazini Ulivyonilaza Kitandani

Nimefundisha chuo kikuu hapa Unguja tangu mwaka 2016, na katika miaka saba ya mwanzo sikumbuki hata mara moja kumwambia mkuu wangu wa idara kwamba jambo fulani sitaliweza. Chuo sikitaji. Wengi niliofanya nao kazi ni watu wema, na walionikosea, nami niliwakosea. Naandika kwa kuwa muhula uliopita wakufunzi wasaidizi wawili walinijia ofisini, kila mmoja kwa siku yake, wakafunga mlango, wakaniuliza swali moja: "Dada, wewe ulijinasuaje?" Niliwajibu nusunusu. Hapa najibu lote.

Nianze na muhali, maana bila ya huo mengine hayaeleweki. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni jambo lisilowezekana. Sisi tumelifanya kuwa lile zito linalokukaa kooni unapotaka kumkatalia mtu unayemheshimu. Mkuu wangu alisoma skuli moja na ami yangu huko Wete, Pemba. Alikuja kwenye hitma ya baba akakaa mpaka wa mwisho. Ofisini ananiita "binti yangu". Mtu kama huyo akisimama mlangoni kwako saa tisa na nusu, mkoba umeshauweka begani, akakwambia, "Binti yangu, ile ratiba ya mitihani nimekuwekea wewe, najua hutoniangusha," utamjibu nini?

Nilijibu, "Sawa Maalim." Nikaweka mkoba chini.

Mwaka 2021 nikapewa uratibu wa programu. Kufikia mwisho wa 2022 nilikuwa na masomo matatu, wanafunzi 14 wa kuwasimamia tafiti zao, kamati ya mitihani, na nafasi katika kikosi kilichokuwa kikitayarisha nyaraka za ithibati za kupeleka Tume ya Vyuo Vikuu. Katika yote hayo, lililokuwa na karatasi ni ufundishaji peke yake. Mengine nilipewa kwa mdomo: kwenye ngazi, kwenye maegesho ya gari, na jengine nilipewa msibani. Hili ndilo kosa langu la kwanza na naliona ndilo mama wa mengine yote. Kazi uliyopewa kwa mdomo haina mwanzo wala mwisho, haina anayeihesabu, na siku ukilalamika kwamba umezidiwa, kila mtu anakutazama kwa mshangao wa kweli, kwa kuwa anajua lile moja alilokupa yeye tu.

Kazi ya chuo kikuu ina ubaya huo zaidi ya kazi nyingine. Kinachoonekana kwenye ratiba ni saa za mihadhara. Mtu wa nje anaona unafundisha saa tisa au kumi kwa wiki na anakuonea wivu. Usahihishaji hauonekani, mwanafunzi anayekuja kulia kwamba hana ada haonekani, na rasimu ya utafiti unayoirudia mara ya nne haionekani. Chukua somo langu moja la mwaka wa kwanza, lile darasa kubwa. Lilikuwa na wanafunzi 312. Kitabu kimoja cha majibu, ukikisoma kwa haki, kinataka dakika 20. Hizo ni saa 104. Kwa siku ya kazi ya saa nane ni siku 13 bila ya kikao na bila ya mtu kubisha hodi, kwa somo hilo moja tu. Nilikuwa na matatu, na muda wa kuingiza alama kwenye mfumo ulikuwa wiki mbili.

Hesabu hii niliifanya kwa mara ya kwanza nikiwa mgonjwa. Miaka yote ile nilijiona mzembe kwa kushindwa jambo ambalo mtoto wa skuli angeniambia, kwa penseli na karatasi, kwamba haliwezekani.

Nyumbani nililipa bila ya kujua kwamba nalipa. Makala yangu ya utafiti, iliyobaki kurekebishwa kurasa chache tu, ilikaa miaka miwili, na bila ya machapisho hupandi daraja. Mume wangu aliacha kuniuliza nitarudi saa ngapi. Lililoniuma zaidi ni la binti yangu. Alimaliza Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, chuoni kwao, na ustadhi akapanga siku ya watoto kusoma mbele ya wazazi, Alkhamisi baada ya laasiri. Siku hiyo wakaguzi wa ithibati walikuwa wanakuja kesho yake. Nilimtuma dada yangu akaniwakilishe. Usiku nikamwomba mtoto anisomee nimsikie, akasema, "Nimeshasoma, mama," akageukia ukutani. Ana miaka tisa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha: alikuwa ameshazoea.

Mwenzangu mmoja nilipomgusia alinambia, "Yakhe, vumilia, ndiyo kazi za chuo hizi." Alinambia kwa mapenzi. Naye macho yake yalikuwa mekundu.

Jumapili moja ya Julai 2023, saa tano kasorobo usiku, nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni, mgongo nimeuegemeza kwenye kochi. Vitabu vya majibu nilikuwa nimevipanga mafungu ya kumikumi, kila fungu nimelifunga mpira. Yaliyokwisha kushoto, yaliyobaki kulia, na ya kulia yalikuwa yanaufikia mkono wa kochi. Kalamu nyekundu ilikuwa inakauka, nikawa naipumulia ncha ipate kuandika. Simu ikaita. Kwenye kundi la WhatsApp la idara, lenye watu 41, ulikuwa umeingia ujumbe wa herufi kubwa: WAFUATAO HAWAJAWASILISHA MATOKEO NA WANAITIA AIBU IDARA. Majina manne. Langu la pili.

Nilisoma jina langu mara tatu au nne. Katika watu wale 41 wamo niliowafundisha mimi mwenyewe, yumo tarishi, yumo binti wa jirani yetu. Nilitahayari mpaka masikio yakaniwaka, na hapakuwa na mtu mwingine pale sebuleni. Nilipotazama chini nikaona kalamu imeniachia doa jekundu kwenye goti la dera, nami sikuwa na habari kwa muda gani nilikuwa nimeikandamiza pale. Sikulala. Asubuhi nikatuma matokeo ya somo moja, na leo nakiri mbele yenu kwamba fungu la mwisho sikulisoma kwa haki. Wapo wanafunzi waliopata alama zisizo zao kwa sababu mwalimu wao alikuwa amechoka. Ukizungumzia ustawi wa wafanyakazi wa chuo watu hufikiri unadai starehe. Aliyeumia usiku ule si mimi peke yangu.

Kosa la pili nililifanya siku tatu baadaye, na hili tafadhalini lisikilizeni sana. Kwenye kikao cha idara, Maalim aliporudia habari ya majina, nilisimama nikasema yote. Miaka saba ilitoka kwa pumzi moja, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima. Nilitaja mpaka ujumbe wa saa tano usiku. Hakuna aliyesema neno. Waliokuwa wakilalamika nami kila siku kule mkahawani walitazama meza. Maalim alikusanya karatasi zake akasema, "Tumekusikia," na kikao kikafungwa. Kesho yake nikapokea barua ya kutakiwa nijieleze ndani ya siku saba kwa utovu wa nidhamu.

Nilichokisema kilikuwa kweli, na bado nilikiharibu. Kwetu mtu mzima ukimsema mbele ya watu umemvunjia heshima, na akishavunjiwa heshima hasikii tena hoja, anasikia kuvunjiwa tu. Nilimfanyia yeye kile kile alichonifanyia mimi kwenye simu. Na msitegemee waliokuwa wakikuungeni mkono barazani. Si wanafiki, nao wana muhali wao.

Wiki ile ile nikawa nasikia kizunguzungu kila nikiinuka. Nilikwenda kliniki ya kulipia, mbali na mtaa wetu kwa makusudi, nisionekane. Shinikizo la damu lilikuwa 168 kwa 104. Nina miaka 38, na sukari sina. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi, nafanya kazi saa ngapi, na mara ya mwisho kuifurahia kazi ilikuwa lini. Kwa swali la tatu nilianza kulia na sikuweza kujizuia kwa muda mrefu.

Alinieleza vizuri, na nawapa nanyi. Uchovu wa kazi uliopindukia Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linalotumika tangu Januari 2022. Haukuandikwa kama ugonjwa. Umeandikwa kama hali inayotokana na kazi yenyewe, pale msongo unapodumu bila ya kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu zinakwisha, moyo unajitenga na kazi au unaichukia, na unaona hufanyi tena la maana. Zote tatu nilikuwa nazo, na nilikuwa nimezipa jina la uvivu. Akanambia pia kwamba mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba wanaofanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Nilipohesabu zangu kwa wiki ya kawaida nikapata 61.

Akanishauri nionane na mshauri nasaha. Nilisita wiki nzima. Kwetu ukisema akili imechoka mtu anakutajia Kidongo Chekundu, na anaitaja kama adhabu, wakati ni hospitali ya maradhi ya akili. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanarudi makwao. Hofu hiyo nayo ni sehemu ya maradhi yetu. Nilikwenda mwishowe, mara sita. Vipimo, dawa na daktari vilinigharimu shilingi 265,000, mshauri 180,000. Nimeandika hesabu kwa sababu kuna anayesoma hapa anajiambia hana pesa ya kujitibu. Anza na hospitali ya serikali, usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Barua ya kujieleza nilikuwa nimeiandika kurasa nne za hasira. Mshauri akanambia niiweke kwenye droo siku mbili. Nilipoirudia nikabakisha nusu ukurasa: naomba radhi kwa namna nilivyosema, na naomba nafasi ya kuzungumza juu ya yale niliyoyasema. Nilipoipeleka, afisa utumishi aliisoma, kisha akafungua jalada langu akanitazama. "Dada yangu, una likizo za miaka miwili hujazichukua. Nani alikukataza?"

Hakuna aliyenikataza. Sikuwahi kuomba. Nilikuwa naona muhali kuomba wakati wenzangu wana kazi.

Agosti nikapanda boti Malindi mpaka Mkoani, nikachukua gari mpaka Wete kwa mama. Karafuu zilikuwa zimeanza kuchumwa. Usiku wa kwanza tulikaa ukumbini na majirani tukichambua. Unashika kishada, unakikandamiza kwenye kiganja na kukisokota, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo unayatupa upande ule. Mikono inanuka mpaka kesho. Nilichambua kwa kasi kama niliyepewa siku ya mwisho ya kuwasilisha, mpaka kiganja kikaanza kuchubuka. Mama akaushika mkono wangu. "Hata tukimaliza saa hii, jua la kuzianikia halitoki mpaka asubuhi. Unamkimbilia nani?"

Nilikaa siku 21. Siku tisa za mwanzo mkono ulikuwa ukiifuata simu wenyewe nikisikia tu mlio wa chombo jikoni. Nililala mchana mpaka nikaona haya. Siku ya kumi nikachukua daftari la skuli la mpwa wangu nikaanza kuandika kila kazi niliyokuwa nayo, nani alinipa, na inakula saa ngapi. Ndipo zilipotoka zile saa 104. Huko huko nikasoma, kwenye simu, Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya 2005, zote za Zanzibar. Nilikuwa nikidhani usalama kazini ni habari ya wajenzi na watu wa bandarini. Msomi mzima, na sikuwahi kuzifungua sheria zinazonihusu kila siku. Zisomeni kabla hamjazihitaji, pamoja na kanuni za utumishi za chuo chenu na mkataba wako mwenyewe, hasa pale panapoandikwa majukumu.

Niliporudi sikwenda peke yangu. Nilimwomba mhadhiri mwandamizi mmoja, mama wa makamo anayeheshimiwa na kila mtu, anisindikize. Tuliomba miadi Jumatatu asubuhi, kabla ya shughuli. Tukaamkiana kwa utulivu, tukaulizana hali za nyumbani, nikamwomba Maalim radhi kwa yale ya kikaoni, na hiyo radhi ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwekea mezani karatasi moja. Si nne. Upande wa kushoto kazi, wa kulia saa kwa wiki, chini jumla: 61.

Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Wanafunzi wa utafiti 14? Mimi nilijua watano." Watano ndio aliowapanga yeye. Wengine tisa niliwapokea kwa wahadhiri waliokwenda masomoni, mmoja mmoja, kila mmoja kwa "sawa". Kisha akafanya jambo nisilolitarajia. Akatoa simu yake akatuonyesha ujumbe aliokuwa akiletewa na wakubwa zake, mwingine wa saa sita usiku, mwingine wa alfajiri. Ule ulionitahayarisha mimi alikuwa ameletewa kwanza yeye, kwa maneno makali zaidi. Naye alikuwa hajasema hapana kwa mtu.

Tulikubaliana mambo matatu na yakaandikwa. Wanafunzi tisa wagawanywe upya. Kikumbusho cha matokeo apelekewe mhusika peke yake. Kundi la simu linyamaze kuanzia magharibi. La kwanza lilichukua muhula mzima. La tatu huvunjwa kila wakati wa mitihani. Kamati sikutolewa hata moja, na mwenzangu mmoja aliyeongezewa wanafunzi watatu hanisemeshi mpaka leo. Nilikwenda kumweleza, akanisikiliza kwa adabu, na basi. Sijui kama angalinielewa zaidi ningalimfuata kabla ya kumfuata Maalim. Nadhani angalinielewa.

Kilichonisaidia zaidi tangu hapo ni kitu kidogo. Kila nikipewa kazi kwa mdomo, nikifika mezani namwandikia aliyenipa: "Maalim, nimeipokea kazi ya ratiba. Ninazo mbili nyingine zinazotakiwa Ijumaa. Nianze na ipi?" Hapo sijamkatalia. Nimemwonyesha mzigo na nimemwachia uamuzi. Mara nyingi hujibu, "Basi hiyo mpe mwengine." Muhali wangu haujaondoka, lakini sasa una karatasi ya kuegemea.

Limebaki la mwisho, na ndilo lililonichukua muda kuliandika. Mwaka 2022 nilikuwa na mkufunzi msaidizi, msichana hodari aliyemaliza shahada yake kwa daraja la juu. Nilimpa vitabu 150 asahihishe ndani ya siku nne. Nilimpigia simu usiku. Siku moja nilimwuliza mbele ya wanafunzi kwa nini alama hazijakamilika. Kila mara alinijibu, "Sawa Madam." Mwisho wa mwaka aliacha kazi, akasema anakwenda kusaidia biashara ya kwao. Mimi nikasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Nilimpigia kutoka Wete kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yamepita, Madam." Hakuniuliza lolote jingine, nami sikumlazimisha.

Huyu niliye naye sasa, mwezi uliopita nilimkabidhi vitabu 90 siku ya Jumanne nikivitaka Ijumaa. Baada ya saa moja akarudi na karatasi. Alikuwa ameandika dakika 20 kwa kitabu, saa 30, vipindi vyake viwili vya mazoezi, na chini: "Dada, nianze na ipi?" Uso ulinipata moto. Kwa sekunde chache niliudhika hasa, nikaona anajua sana. Kisha nikaitazama tena ile karatasi, nikahesabu vitabu 45 kutoka juu ya fungu, nikavirudisha mezani kwangu.